Jicho, mpaka na mwiko: ginsi wazee walivyolinda mtoto mdogo ndani ya nyumba, na ginsi mji wa Lubumbashi ulivyobadilisha mambo

Utangulizi

Ku masomo tunafundisha historia ya wakubwa. Mwanafunzi wa mwaka wa tano anajua kwamba Msiri aliuawa mwaka 1891, kwamba Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na kwamba reli ilifika Élisabethville mwaka 1910. Lakini umuulize hivi: nkambo wako alifanya nini ili mtoto wake asianguke ndani ya moto? Atanyamaza. Anafikiri hiyo si historia, ni mambo ya banamama.

Siye tunaona kwamba ni historia, tena kubwa. Kabla mtu hajawa mfalme, mchimba-shaba ao mwalimu, ilibidi kwanza avuke miaka mitano ya mwanzo bila kuungua, bila kuzama, bila kunywa sumu. Kuna mtu alimlinda, na ule ulinzi ulikuwa na akili yake na desturi zake. Ndiyo habari tunayotaka kueleza katika kurasa hizi chache.

Tuseme wazi kwa nini tumechagua somo hili. Mwaka 2013, mwezi wa saba, wakati wa baridi, kijana wetu wa tatu alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Mama yake aliweka ndoo ya maji ya moto chini, katikati ya nyumba, akatoka kuchukua maji ya baridi ili achanganye. Ni hatua kumi tu. Sisi tulikuwa mezani tunasahihisha kazi za wanafunzi. Tuliposikia kilio, mkono wake wa kuume ulikuwa umekwisha kuingia ndani ya ndoo mpaka kiwiko. Jirani mmoja akakimbia na dawa ya meno, mwingine akaleta yai. Hakuna mtu aliyefikiri kumwaga maji ya baridi, na maji yalikuwa pale. Mtoto alipona, Mungu asifiwe, lakini kovu liko mpaka leo.

Wiki moja nyuma, mama-mkwe alifika kutoka upande wa Kasenga, kando ya mto Luapula. Alitazama mkono, akatazama nyumba. Hakuuliza habari ya maji wala ya ndoo. Aliuliza neno moja tu: «Nani alikuwa jicho yake?» Hatukupata jibu. Kwa sababu ya lile swali tulianza kuuliza wazee, mmoja mmoja, na kuandika.

1. Kijijini: walinzi watatu

Wazee wetu wengi walipoeleza, tuliona kwamba mtoto wa kijijini alikuwa na walinzi watatu. Sisi tunawaita jicho, mpaka na mwiko.

Jicho ndilo la kwanza. Mtoto mchanga hakuwekwa chini, alikaa mgongoni. Mama akilima, mtoto yuko mgongoni. Akitwanga, yuko mgongoni. Alipoanza kuwa mzito, yaya wake alimbeba, yaani dada ao kaka wa miaka nane ao tisa. Na mama-mkwe alitueleza kwamba yaya hakuwa mtoto wa kucheza tu: alikuwa na kazi, na mtoto akipata alama ya kuungua, yaya aliulizwa mbele ya watu. Tena kulikuwa nkambo, aliyekaa kivulini akisafisha mboga ao akisuka mkeka. Miguu yake ilikuwa imechoka lakini macho hayakuchoka. Zaidi ya hapo, kiwanja kilikuwa wazi. Mtu yeyote mkubwa aliyepita alikuwa na haki ya kumvuta mtoto wa mwingine mbali na moto, hata kumpiga kofi dogo, na mama wa mtoto alisema asante.

Mlinzi wa pili ni mpaka. Nyumba ya majani ilionekana bure, lakini kila kitu kilikuwa na mahali pake. Kisu, mshale na shoka vilichomekwa juu, ndani ya majani ya paa, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki. Jembe lilitundikwa. Ghala la mahindi lilijengwa juu ya miti, na ngazi yake iliondolewa mama akimaliza kuchukua chakula. Mihogo michungu ililoweka mbali na nyumba, siku kadhaa, mpaka sumu itoke, na mtoto hakuruhusiwa kuigusa mbele ya wakati. Watu walilala juu ya mkeka chini, kwa hiyo mtoto hakuwa na kitanda cha kuangukia. Moto wenyewe ulikaa kati ya mafiga matatu. Mafiga hayatembei. Mtoto alizaliwa akakuta moto pale, akaanza kutambaa moto ukiwa pale pale, na mwili wake ulijua mahali pa hatari kabla kinywa hakijajua kusema. Kando ya Luapula, mama-mkwe alisema, wanaume walipiga miti ndani ya maji kwenye kivuko cha kuchota, sawa na lupango, ili mamba asikaribie wanawake na watoto.

Mlinzi wa tatu ni mwiko. Nani kati yetu hakusikia maneno haya? Ukikaa juu ya kinu, mama yako atakufa. Ukicheza na moto, usiku utakojoa ku mkeka. Ukipiga mluzi usiku, utaita nyoka. Tulipokuwa wanafunzi tulicheka maneno hayo, tukasema ni ujinga. Leo, kisha kufundisha miaka zaidi ya kumi na tano, hatucheki tena. Kinu kikiwa wazi kinaweza kumwangukia mtoto, na mchi ni mzito. Mtoto anayetembea gizani akipiga mluzi ni mtoto aliye mbali na nyumba. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kufahamu maneno marefu ya sababu na matokeo. Lakini anafahamu mama, anafahamu aibu, anafahamu nyoka. Wazee walichukua hofu ambayo mtoto alikuwa nayo tayari, wakaifunga ku kitu cha hatari. Hiyo ni ufundi wa kufundisha, na hakuna chuo kilichowapa diploma.

Ila tusidanganyane. Kijiji hakikuwa paradiso. Mtoto aliyelala karibu na moto usiku wa baridi aliweza kujigeuza na kuungua. Nyumba ya majani iliwaka kwa dakika chache. Mtu wa kifafa aliyeanguka ndani ya moto, mara nyingine watu waliogopa kumgusa, wakisema ugonjwa utawarukia. Na wengi waliachwa na makovu ya ubaya sana kwa sababu ya ile imani. Na yule yaya mwenye kubeba mtoto siku nzima, mara nyingi msichana, yeye mwenyewe alikuwa bado mtoto. Tunasifu desturi, lakini tunaisifu na macho wazi.

2. Kampi za kazi: mpaka mpya, jicho linapungua

Mji wetu ulianza mwaka 1910. Miaka ya kwanza, wanaume waliletwa kazini bila bibi na bila watoto. Walikaa mu kampi, walikufa wengi kwa magonjwa ya mapafu na ya tumbo, na wenye kupona walirudi kwao mkataba ulipokwisha. Kampuni iliona kwamba ni hasara: kila mara kutafuta watu wapya, kila mara kuwafundisha upya. Ndiyo sababu, kuelekea mwisho wa miaka ya 1920, Union Minière ilibadilisha siasa yake. Ilianza kutoa mikataba ya miaka mitatu na kusukuma mfanyakazi alete bibi na kuzaa watoto kampini. Daktari Léopold Mottoulle ndiye mmoja wa wakubwa walioongoza kazi hiyo. Tufahamu vizuri: mtoto wa kampi alilindwa pia kwa sababu alihesabiwa sawa na mfanyakazi wa kesho.

Hata hivyo ulinzi ulikuwa wa kweli. Nyumba za matofali zilichukua nafasi ya nyumba za majani, na tofali haliwaki. Kulikuwa bomba la maji, choo, watu wa kupita kukagua usafi, posho ya mama na ya mtoto, na lopitali. Watoto wachanga walipelekwa kupimwa uzito, na masista waliwafundisha mama ginsi ya kuosha na kulisha. Baadaye kulikuwa pia «foyer social», ambapo bibi za wafanyakazi walijifunza kushona, kupika na kutunza mtoto. Nkambo wengi wa Lubumbashi wanakumbuka ile siku ya mizani kuliko siku ya sikukuu.

Lakini historia ikitoa kwa mkono mmoja, inachukua kwa mkono mwingine. Nkambo mwenyewe alibaki kijijini. Kampi haikuwa mahali ambapo ndugu anafika na kukaa ginsi anavyotaka, wageni walihesabiwa. Yaya alianza kuenda ku masomo, na hiyo ni jambo jema, hatuwezi kulilia. Ila kutoka saa moja ya asubuhi mpaka saa sita, mama alibaki peke yake na watoto wawili wadogo, moto na maji. Jicho, ambalo kijijini lilikuwa la watu kumi, likawa la mtu mmoja.

Na kitu kingine kiliingia, ambacho vitabu havikitaji: mbabula. Mjini hatupiki na mafiga, tunapika na makala juu ya mbabula ya chuma, iliyotengenezwa na mabati ao rimu ya gari ya zamani. Mbabula ni kitu kizuri: ni nyepesi, haina moshi mingi, inatumia makala kidogo. Lakini angalia tofauti yake na mafiga. Mbabula inatembea. Asubuhi iko nyuma ya nyumba, mchana iko mbele ya mlango, mangaribi mvua ikinyesha iko ndani, na usiku wa baridi iko karibu na kitanda. Mtoto hawezi kujifunza mahali pa moto, kwa sababu moto hauna mahali. Ni mara ya kwanza katika historia yetu kwamba moto wa kupikia unamfuata mtoto, badala ya mtoto kuufuata moto. Kwa maoni yetu, hapo ndipo mlinzi wa pili alipoumia kabisa, wakati kila mtu anasifu matofali.

3. Parseli na ukuta

Mwaka 1952 serkali ya Wabelgiji ilianzisha Office des Cités Africaines, tuliyoita OCA, ili kujenga nyumba za Waafrika katika miji mikubwa, na mji wetu pia ulipata zake. Katika miaka hiyo ya 1950 ndipo Katuba na Ruashi zilipokua, kando ya Kamalondo na Kenya zilizokuwa za zamani. Watu walianza kusema «parseli yangu». Mwanzoni mipaka ya parseli ilikuwa miti ya maua, ao senyenge tu. Jirani aliona kupitia pale. Wazee wa Katuba walitueleza kwamba mama aliweza kwenda sokoni na kusema juu ya miti: «Mama wa kule, uniangalilie mutoto!» Basi, ilitosha.

Polepole, hasa kisha miaka ya fujo na wizi, ukuta wa matofali ulipanda, na vipande vya chupa juu yake. Ukuta unazuia mwizi, hatukatai. Lakini unazuia pia jicho la jirani. Leo mtoto anaweza kulia dakika kumi ndani ya parseli, na jirani anafikiri ni redio.

4. Kampuni inaanguka, nyumba inageuka kazi

Tangu mwaka 1967, Union Minière ilipokuwa ya serkali na baadaye kuitwa Gécamines, watu waliendelea kusema kampuni ndiyo baba na mama. Mwanahistoria wa Université de Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, aliandika kitabu ambacho kichwa chake chasema kweli ya wakati uliofuata: «Bana Shaba abandonnés par leur père», yaani watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Mwezi wa kenda 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka. Mwaka 1991 mji ulinyang'anywa. Mishahara ikachelewa, ikapungua, ikakoma. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10 000 waliacha kazi kwa mpango wa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari.

Historia hiyo inaandikwa kila mara upande wa baba aliyepoteza kazi. Tuiandike leo upande wa mtoto wa miaka miwili. Kwanza, mama alitoka. Alikwenda sokoni na bonde la unga, ao mashambani, ao kuuza mikate barabarani. Mtoto alibaki na mtoto mwenzake. Mama wengine, tunasema bila kuwahukumu, wanafunga watoto ndani ya nyumba na kadena mpaka saa kumi, kwa sababu wanaogopa gari na wezi wa watoto. Nyumba iliyofungwa na kadena, ikiwa na mshumaa ao mbabula ndani, si ulinzi tena. Ni mtego.

Pili, kazi iliingia nyumbani. Chumba cha kulala kikawa duka na depo. Mama anapika sabuni nyuma ya nyumba, na soda kostiki iko ndani ya kikombe sawa na kile cha chai. Baba anauza mafuta ya taa ao esanse kwa litri, na anaiweka ndani ya chupa ya sukari-maji, ile ile chupa ambayo mtoto anaijua kwa utamu. Mtoto hakosei: sisi tumemfundisha kwamba chupa ile ni ya kunywa.

Tatu, umeme unakatika, unarudi, unakatika tena. Umeme ukiwa pale, kuna resho yenye waya wazi, kuna ile fimbo ya chuma tunayotia ndani ya ndoo kuchemsha maji, kuna nyaya zinazopita chini karibu na mlango. Umeme ukikosa, kuna buji juu ya kikombe cha plastiki, karibu na chandarua. Vyote viwili vina hatari yake, na nyumba moja inaviona vyote katika siku moja.

Tuseme pia juu ya baridi. Watu wa mbali wanafikiri Afrika haina baridi. Hawajalala Lubumbashi mwezi wa sita na wa saba. Familia inaingiza mbabula ndani, inafunga dirisha, inaziba chini ya mlango na kitambaa. Makala hayana moshi unaoonekana, kwa hiyo watu wanafikiri hayana ubaya. Kumbe yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, ambayo inachukua nafasi ya hewa nzuri ndani ya damu. Mtu anaumwa kichwa, anasinzia, haamki. Mtoto anakufa mbele ya wakubwa, juu anapumua haraka kuliko wao. Asubuhi watu wanasema ni uchawi, na familia mbili zinaanza kuchukiana. Wandugu, si uchawi. Ni mbabula.

5. Shimo ndani ya parseli

Kuna hatari ambayo nkambo zetu hawakuijua hata kidogo: shimo. Hapa kwetu tofali linatoka ku kichuguu. Vichuguu vyetu ni vikubwa sawa na nyumba, na udongo wake ni mzuri kwa kuchoma matofali. Mtu akijenga, anavunja kichuguu, anachimba mpaka chini, na akimaliza nyumba anaacha shimo. Mwezi wa kumi na mbili mvua inalijaza. Maji ni ya rangi ya udongo, hayaonyeshi urefu wake. Ongeza visima tulivyochimba kila mmoja kwake wakati bomba lilipokauka, vingi vikiwa na bati moja tu juu, na jiwe.

Huko Kolwezi mambo yalizidi. Mwaka 2014, watu wa kartiye Kasulo waligundua kwamba kobalti iko chini ya nyumba zao. Walichimba ndani ya parseli, wengine ndani ya chumba, mashimo yakaenda chini ya nyumba ya jirani. Mwaka 2017 sehemu ya kartiye ilihamishwa na kuzungushiwa ukuta. Mwaka 2018, watafiti wa Université de Lubumbashi pamoja na wenzao wa chuo kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walitangaza matokeo ya kazi yao: watu wa Kasulo walikuwa na kobalti nyingi ndani ya mwili kuliko watu wa kartiye nyingine ya karibu, na kwa watoto hali ilikuwa mbaya zaidi. Sababu yake inafahamika. Mtoto mdogo anacheza chini, anatia mkono kinywani, na vumbi liko chini. Hakuingia mgodini, mgodi ndio ulioingia kwake.

Hata hapa Lubumbashi tunaona mifuko ya madini imewekwa chini ya kitanda, na baba anarudi na nguo za vumbi, anabeba mtoto mbele ya kuoga. Upendo wa baba ni mzuri, lakini aoge kwanza.

6. Tuwarudishe walinzi watatu

Mtu anaweza kutuuliza: basi turudi kijijini? Hapana. Hatutaki kumtoa yaya ku masomo, wala kurudi ku nyumba ya majani. Tunasema tu kwamba akili ya wazee iko na nguvu bado, ikiwa tunaivalisha nguo ya leo.

Tuanze na mpaka, kwa sababu hauombi franga nyingi. Mbabula ipewe mahali pamoja, siku zote pale pale, na izungushiwe matofali sita ao nane. Itakuwa sawa na mafiga. Usiku isilale ndani ya chumba chenye watu, hata baridi ikizidi. Maji ya moto yasikae chini hata dakika moja: tia maji ya baridi kwanza ndani ya ndoo, ya moto yafuate, na ndoo iwe juu ya meza. Mpini wa sufuria uelekee ukutani. Mafuta ya taa, soda kostiki, dawa za panya na vidonge vitundikwe juu, sawa na kisu ndani ya majani ya paa. Na visiwekwe kamwe ndani ya chupa ya kinywaji. Kisima kiwe na ukingo wa kufika kifua cha mtoto, na kifuniko cha mbao chenye kufungwa. Shimo la matofali lijazwe ao lifungiwe miti, na yule aliyelichimba ndiye alifanye, mbele ya mvua.

Tena, ajali ikifika, tuache dawa za jirani. Kwa kuungua, ni maji ya baridi yenye kutiririka, dakika makumi mbili, kisha kitambaa safi na lopitali. Si dawa ya meno, si yai, si mafuta. Mtoto akinywa mafuta ya taa ao soda kostiki, usimtapishe, na usimnyweshe mafuta ya ngazi. Kitu kilichochoma kikishuka kitachoma mara ya pili kikipanda, na mafuta ya taa yakiingia mapafuni ndiyo yanayoua. Mpeleke haraka, na ile chupa uibebe ili muganga aione.

Mwiko, je? Wengi wetu tumeacha kuwatisha watoto, tukasema ni mambo ya kale, lakini hatukuweka kitu badala yake. Tunasema «acha!» mara mia kwa siku, kwa kila kitu, na neno limekufa. Wazee walikuwa na miko michache, na kila mmoja ulikuwa wa kweli. Tuchague mitatu ao mine: moto, kisima, chupa zisizojulikana, waya. Kwa hiyo minne tusicheke hata siku moja, na watu wote wa nyumba waseme neno moja, baba, mama, nkambo na mtumishi. Na mtoto akifika miaka sita, tumweleze sababu. Wahenga walisema: mchelea mwana kulia, hulia mwenyewe.

Jicho ndilo gumu zaidi, kwa sababu haliuzwi sokoni. Lakini katika avenyu yetu, tangu mwaka 2016, mama watano walianza jambo ndogo. Kila siku mmoja hatoki, anabaki na watoto wadogo wa nyumba zote tano, na wale wanne wanamletea kila mmoja kikombe cha unga. Mwanzoni walibishana sana juu ya unga. Mmoja alitoka, mwingine akaingia. Lakini hakuna kadena tena ku milango hiyo mitano wakati wa mchana. Hawakusoma kitabu chochote. Walikumbuka tu kiwanja cha kijiji.

Na siye walimu tuna sehemu yetu. Mtoto wa mwaka wa nne wa masomo ya msingi ndiye yaya wa leo, hata tusipomwita hivyo: akirudi saa sita na nusu, yeye ndiye anayemlinda mdogo wake. Tunamfundisha majina ya mito ya Ulaya. Tumfundishe pia maji ya baridi juu ya kuungua. Somo moja la dakika makumi tano linatosha.

Mwisho

Tumeona kwamba nyumba ya majani iliweza kuwa na walinzi watatu, na nyumba ya matofali inaweza kuwa haina hata mmoja. Ukuta, bati na umeme ni maendeleo, lakini maendeleo yenyewe hayana macho.

Mama-mkwe alitutoka mwaka 2019. Siku za mwisho wake alikuwa kwetu, na hakuona vizuri tena. Hata hivyo kila mangaribi alitembea polepole na fimbo mpaka ku mbabula, anagusa matofali yaliyoizunguka, moja moja, anayahesabu, halafu anarudi kukaa. Kijana mwenye kovu ndiye aliyemshika mkono. Siku hizi, matofali yakisogezwa, yeye ndiye anayeyarudisha, na hakuna anayemtuma.

Wandugu wasomaji, wengi wenu mnao bado nkambo nyumbani. Msiwaulize tu habari za wafalme. Waulizeni kisu kiliwekwa wapi, nani alibeba mtoto, na ni mwiko gani uliokuwa juu ya moto. Muandike majibu yao, kisha mzunguke nyumba zenu, mkiinama mpaka kimo cha mtoto wa miaka miwili, na mtazame na macho yake. Mtakayoyaona pale, myaondoe kabla jua halijashuka.